MPANGO WA AFYA KAZINI: TUUKUBALI, LAKINI TUUSHIKE WENYEWE

(Maneno haya yalisomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi mbele ya mkutano wa wanachama, Jumapili asubuhi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu zetu wa zamu ya usiku ambao hawakuweza kufika. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)



Twajua kwamba Jumapili ndiyo siku ya kufua nguo, kwenda kusali na kukaa na watoto, kwa hivyo hatutawachelewesha. Jambo lililotuleta hapa ni moja tu.

Matajiri wametuandikia barua. Wanasema wataka kuanzisha mpango wa afya hapa kiwandani. Watu wapimwe presha na sukari, wafundishwe habari za chakula, pombe na sigara, na kila Ijumaa pawe na mazoezi ya viungo uwanjani. Wanaomba chama kiwahimize wanachama wajitokeze. Halmashauri imekaa mara mbili juu ya barua hiyo. Baadhi yetu walisema tuikatae. Wengine walisema tuikubali kama ilivyo. Mwisho tulipatana neno moja, na ndilo tunalolileta kwenu mlikubali au mlikatae: mpango huu tuukubali, lakini tuushike wenyewe. Mpango wa afya usioshikwa na wafanya kazi hautapata watu, na hata ukiwapata hautawafaa.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu hapa analijua, ingawa hatupendi kulitaja.

Mwaka juzi palikuwa na siku ya kupimwa. Meza iliwekwa karibu na lango, mwuguzi akaja na mashine yake ya presha. Siku ile sisi wa chama hatukuulizwa neno, na sisi wenyewe hatukuuliza. Watu wachache sana walikwenda mezani. Wengi tulipita upande wa pili, kama watu wanaokwepa mdai. Sababu ilijulikana. Karatasi za majibu zilikuwa zikipelekwa ofisini, na kulikuwa na kibarua mmoja aliyekutwa na sukari ambaye mkataba wake ulipokwisha haukuandikwa tena. Labda sababu ilikuwa nyingine. Lakini hakuna aliyetuambia sababu hiyo, na mtu asiyeambiwa kitu hujiambia mwenyewe.

Katika wale waliopita upande wa pili alikuwako mwenzetu mmoja wa chumba cha kufuma. Hatutamtaja jina, maana jamaa zake wako hapa. Miezi minane baadaye alianguka katikati ya zamu ya usiku, karibu saa tisa. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda upande. Hospitali wakasema ni kiharusi, na presha yake ilikuwa juu sana. Leo yuko kwao, hawezi kufunga kifungo cha shati lake. Alikuwa fundi aliyeweza kuunga uzi uliokatika huku akizungumza nawe.

Ndugu, hatusemi kwamba angalipimwa siku ile asingalianguka. Hakuna awezaye kuapa hivyo. Twasema kwamba alikuwa na nafasi ya kujua, na hofu ikamnyang'anya nafasi hiyo. Hofu hiyo haikutoka kwake. Ilitoka kwa jinsi kazi ile ilivyofanywa, na sisi wa halmashauri tulikosa kwa kunyamaza. Ndiyo maana safari hii hatutanyamaza.

Presha ni ugonjwa gani? Ni ugonjwa usiopiga hodi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi, akala, akalala, akafanya kazi, asione dalili yoyote. Kipimo kikisoma 140 juu au 90 chini, au zaidi ya hapo, tena si mara moja bali kila anapopimwa, daktari husema mtu huyo ana presha. Mwaka 2015 serikali yetu ilifanya uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wazima. Ilionekana kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne ana presha ya juu au anatumia dawa zake. Na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajapimwa hata mara moja katika maisha yao. Sisi hapa ni zaidi ya mia tatu. Kila mmoja ajipigie hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo kupimwa ni jambo jema, na asije mtu akasema kwamba chama kimekataza watu wasipimwe. Lakini barua ya matajiri ina upungufu mkubwa, na yatupasa kuuonyesha.

Barua yote inazungumza habari ya mwili wa mfanya kazi: anakula nini, anakunywa nini, anavuta nini. Hakuna mstari hata mmoja juu ya kiwanda. Hakuna neno vumbi. Hakuna neno kelele. Hakuna neno zamu. Ni kana kwamba maradhi yote tunayaleta sisi kutoka nyumbani, na kiwanda hakina lake.

Ninyi wa chumba cha kuchambua pamba na cha kusokota, tuwaulize. Ni nani asiyekijua kifua cha Jumatatu? Mtu amepumzika Jumapili, anarudi kazini, na kabla zamu haijaisha kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, kikohozi kinakuja. Jumanne kinapungua. Mtu hudhani ni baridi ya asubuhi, au ni vituko vya Jumapili. Si hivyo. Huo ni ugonjwa wa vumbi la pamba, na madaktari wanaujua tangu zamani. Jina lake ni bisinosi. Mwanzoni hubana siku ya kwanza tu baada ya mapumziko. Mtu akiendelea kulivuta vumbi mwaka baada ya mwaka, kifua hubana siku zote, na mwisho mapafu hayarudi tena kama yalivyokuwa. Tena sigara huuzidisha. Basi tajiri akisema acheni sigara, asema kweli, nasi tutasema pamoja naye. Lakini yule anayeacha sigara akabaki na vumbi ameondoa nusu ya mzigo tu. Nusu ya pili iko mikononi mwa mwenye kiwanda: feni za kuvuta vumbi, kufagia kwa njia isiyolirusha juu, na barakoa za kufaa, si kitambaa kimoja cha kutumia mwezi mzima.

Chumba cha kufuma ni vivyo hivyo. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zasema mfanya kazi asikae katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku moja. Sisi hatuna chombo cha kupimia. Lakini mtu akilazimika kumpigia ukelele mwenzake aliyesimama hatua moja tu kutoka kwake, hiyo ni alama kwamba pana haja ya kuja kupima. Masikio yakishaharibiwa na kelele hayaponi. Wake zetu na waume zetu wanatuambia redio ya nyumbani tunaifungulia sana. Twacheka, lakini si jambo la kucheka.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni letu sisi peke yetu. Huko Marekani mipango ya namna hii ni mingi sana, na matajiri wametumia fedha nyingi juu yake. Mwaka 2019 wataalamu wawili, Zirui Song na Katherine Baicker, walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika kampuni moja ya maduka makubwa yenye wafanya kazi karibu 33,000. Waliyachagua maduka 20 kwa bahati nasibu yapewe mpango wa afya, na mengine yakaachwa kama yalivyo. Baada ya mwaka mmoja na nusu wakalinganisha. Wale wa mpango walisema kwamba wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao. Lakini presha yao, siku walizokosa kazini, na gharama za matibabu yao hazikuwa tofauti kwa maana na za wengine. Sisi twajifunza nini hapo? Hatujifunzi kwamba afya haina maana. Twajifunza kwamba mafundisho peke yake ni dawa nyepesi. Ukimfundisha mtu kula vizuri, kisha ukampa dakika ishirini za chakula na hakuna mahali pa kuketi, umefanya kazi ya bure.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wengine wanadhani kwamba haya tunayoyataka ni upendeleo tunaouomba.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Kanuni za kamati hizo zilitolewa mwaka 2004. Zinasema wajumbe wa tajiri na wajumbe wa wafanya kazi wawe sawa kwa idadi. Katika kiwanda cha watu 101 hadi 1,000, wajumbe wa kila upande wasipungue watano, na kamati ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapa kwetu kamati iko katika karatasi iliyobandikwa ukutani. Tulipoitazama juma lililopita, wawili kati ya wajumbe wetu watano walikuwa wameacha kazi zamani.

Sheria ya Kazi ya mwaka huo huo wa 2007 inampa ruhusa ya ugonjwa mfanya kazi aliyekwisha fanya kazi miezi miwili mfululizo: siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili, na nyingine saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Sheria ya fidia, ya 2007 vile vile, haihesabu ajali tu. Inahesabu pia maradhi yaliyoletwa na kazi. Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri aweke chumba cha akina mama kunyonyeshea. Tena Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya 2019 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa ni za kulindwa sana, zisiandikwe na kupelekwa huku na huku kama hesabu ya stoo. Na sheria ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi vya ukimwi ili apate kazi.

Wengine watasema: sisi tayari twakatwa fedha za afya kila mwezi. Ni kweli. Bima ya zamani ya hospitali ilianza mwaka 1966, na Oktoba 2024 mahali pake pakashikwa na bima mpya ya jamii, ambayo twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kila mwanachama ahakikishe ameandikishwa yeye na watu wa nyumbani kwake, asingoje mpaka siku ya ugonjwa. Lakini bima hailiondoi vumbi katika chumba cha kusokota. Tukiitegemea bima peke yake, tutakuwa kama mtu anayenunua ndoo kila siku badala ya kuziba paa linalovuja.

Wengine tena watasema: chama kidai nyongeza ya mshahara kwanza, afya baadaye. Ndugu, hatuwezi kuyatenga hayo mawili. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939 walidai mshahara pamoja na posho ya nyumba, maana walijua kwamba mtu anayelala mahali pabaya hawezi kuufaidi mshahara wake. Wazee wale hawakuona kwamba kudai mahali pazuri pa kulala ni kuuacha mshahara. Nasi hatuuachi. Mazungumzo ya mshahara yana barua yake na siku yake. Lakini yule ndugu yetu aliyeko kwao hatauona mshahara mpya tukiupata kesho.

Basi, haya ndiyo masharti ambayo Halmashauri inaomba ruhusa yenu kuyapeleka kwa matajiri.

Kwanza, siri. Majibu ya kila mtu yawe kati yake na mwuguzi au daktari. Ofisi ipewe hesabu tu: watu kadha walipimwa, kadha waliambiwa warudi. Tena hesabu hiyo iwe ya kiwanda kizima. Ikiandikwa kwamba katika boila, penye watu wanne, mmoja ana sukari, hapo hakuna siri tena. Tunataka jambo hili liandikwe katika mapatano na kutiwa sahihi, si kusemwa kwa mdomo.

Pili, hiari. Asiyetaka kupimwa asiulizwe sababu, wala asipoteze kazi, zamu nzuri au nyongeza kwa ajili hiyo. Vibarua wawe na haki ile ile kama wenye kazi ya kudumu, maana wao ndio wenye hofu kubwa zaidi.

Tatu, wakati. Kupimwa kufanywe saa za kazi na mshahara ukienda, kwa zamu zote. Mwuguzi anayekuja saa nne asubuhi hamsaidii mtu wa usiku ambaye saa hiyo amelala. Ajaye kwa ajili yao aje saa ya kubadilisha zamu.

Nne, njia ya mbele. Mtu akiambiwa ana presha, apewe barua ya kwenda hospitali na nafasi ya kwenda. Kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa kisha kumnyima ruhusa ni kumwongezea presha. Na yule anayesumbuliwa na pombe asaidiwe kwanza kabla ya kuandikiwa barua ya kufukuzwa.

Tano, kiwanda nacho kipimwe. Siku ile ile mwuguzi anapopima damu zetu, aje pia mtaalamu mwenye kibali kupima vumbi na kelele, na matokeo yabandikwe ukutani tuyasome. Habari za mwili wa mtu ni siri yake. Habari za hewa tunayoivuta sote si siri ya mtu.

Hayo ni ya matajiri. Ya kwetu ni haya, na pengine ndiyo magumu zaidi.

Mabango hayatoshi kuwaleta watu. Mtu huja kwa sababu mtu anayemwamini amemwambia njoo. Kwa hivyo kila mwakilishi wa idara atachukua watu kumi wa idara yake, azungumze na mmoja mmoja wakati wa chai, si kwa kupiga kelele mbele ya wote. Asianze na hotuba. Aulize: kazi hii inakuumiza wapi? Aandike jibu bila jina. Akina mama watazungumza na akina mama, maana yako mambo ambayo hawawezi kumwambia mwanamume. Majibu hayo yakikusanywa, ndiyo yatakayotuambia mpango uanze wapi. Ikiwa wengi watasema maji ya kunywa, tuanze na maji. Ikiwa ni mgongo kwa sababu ya kubeba marobota, tuanze na marobota. Mtu akiona jambo alilolitaja yeye limetengenezwa, hata kama ni dogo, siku ya presha atakuja bila kuvutwa.

Na siku hiyo ikifika, sisi wa halmashauri tutakuwa wa kwanza mezani. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wote. Hatutawaambia majibu yetu, maana ndiyo siri yenyewe, lakini mtatuona tukikunja mikono ya mashati.

Leo tunaomba mambo mawili kabla hamjaondoka. Mseme kama masharti haya matano mwayakubali, au mwataka kuongeza au kupunguza. Kisha mchague wajumbe wawili wa kujaza nafasi zilizo wazi katika kamati ya usalama na afya, na tunapendekeza mmoja atoke katika zamu ya usiku. Msichague mtu kwa sababu ni mwepesi wa kusema. Mchagueni yule ambaye mtu mwenye hofu anaweza kumwendea.

Baada ya mkutano, wachache wetu tutakwenda kumwona mwenzetu kule kwao. Nauli tumechanga. Mwenye nafasi katika gari ni yeyote atakayefika langoni kabla ya saa saba. Tutamwambia mliyoyaamua.

Umoja ni nguvu.